Mtoto Akichukuliwa, Ndugu Ajitokeze Siku Ile Ile

Hotuba kwa familia zinazozungumza Kiswahili nchini Marekani

Wazee wetu, akina mama, akina baba, na nyinyi vijana mliozoea kuketi katikati mkiwatafsiria wazazi wenu, hamjambo. Leo vijana mpumzike. Tumeomba mazungumzo yawe ya Kiswahili mwanzo hadi mwisho ili kila mtu asikie kwa sikio lake.

Tunamzungumzia mtoto aliyeondolewa kwa wazazi wake na ofisi ya serikali ya ulinzi wa watoto, ile ambayo wengi wetu tunaiita CPS hata pale jimbo lilipoipa jina jingine. Kama walikuwa na haki ya kumwondoa au hawakuwa nayo, hilo lina wakili wake na hakimu wake, hatuligusi leo. Tunaligusa swali linalozuka saa ile ile: usiku huu mtoto analala wapi? Kwa mgeni mwenye leseni ya kulea watoto wa serikali, au kwa bibi yake? Mara nyingi jibu haliamuliwi na nani anampenda mtoto zaidi. Linaamuliwa na jina la nani liliandikwa mapema kwenye faili, pamoja na namba ya simu ambayo mtu akiipiga inapokelewa.

Tuanze na sheria, maana iko upande wenu kuliko mnavyodhani. Tangu 1996, sheria ya taifa inazitaka idara za majimbo zifikirie kumtanguliza ndugu mtu mzima kabla ya mlezi asiye ndugu, mradi ndugu huyo anatimiza masharti ya usalama ya jimbo. Mwaka 2008 ikaongezwa kwamba ndani ya siku 30 tangu mtoto aondolewe, idara ifanye bidii kuwatafuta babu na bibi wa pande zote mbili na ndugu wengine watu wazima, wakiwemo wale waliotajwa na wazazi, na iwape taarifa. Taarifa hiyo lazima iseme kwamba mtoto ameondolewa nyumbani, ndugu anaweza kushiriki kwa njia zipi, na ni njia zipi zitamponyoka asipojibu. Anayeweza kurukwa ni yule ambaye kumtafuta kungeleta hatari kwa sababu ya ukatili wa nyumbani.

Sasa lipimeni lile neno "zifikirie". Halisemi "zimpe". Hapo ndipo wengi wanapoteleza: mtu anasikia kwamba ndugu hutangulizwa, anakaa kimya akingoja kuitwa, na miezi minane baadaye anaambiwa mtoto ameshazoea nyumba nyingine na si vizuri kumhamisha tena. Na hakimu anayesema hivyo hana ubaya. Mtoto wa miaka miwili aliyekaa miezi minane mahali pamoja kweli ameshikamana na watu wa pale.

Hiyo taarifa huja kwa barua. Bahasha yenyewe ni ya kawaida, nembo ya kaunti au ya jimbo pembeni, Kiingereza kitupu ndani, na mara nyingi imetumwa kwenye nyumba mliyohama mwaka juzi. Inachanganyika na matangazo ya pizza, inatupwa. Kwa hiyo msiingoje. Mkisikia mtoto wa ndugu yenu ameondolewa, andikeni nyinyi kwanza, siku hiyo hiyo, hata kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari. Ukurasa mmoja unatosha: mimi ni nani kwa mtoto huyu, naishi wapi na nani, namba yangu ni hii, lugha yangu ni Kiswahili nahitaji mkalimani, na naomba mtoto aletwe kwangu. Wekeni tarehe na sahihi. Pigeni picha kwa simu kabla ya kuipeleka. Nakala moja iende kwa afisa wa kesi, nyingine kwa wakili wa mtoto au karani wa mahakama. Kupiga simu peke yake hakutoshi; maafisa wa kesi hubadilika mara kwa mara, na simu haibaki kwenye faili.

Na ambaye hawezi kumchukua mtoto, aandike vilevile. Mwingine ana watoto watano na vyumba viwili, mwingine anafanya zamu ya usiku kiwandani. Andika: "Kwa sasa siwezi kukaa naye, lakini naweza kumtembelea kila Jumamosi, naweza kumpeleka kanisani au msikitini, naweza kuongea naye Kiswahili kwa simu, na hali ikibadilika naomba niulizwe tena." Ukisema "siwezi" bila kuongeza neno, faili itaandikwa kwamba ulikataa, na mwaka ukipita hakuna atakayekupigia. Mtoto naye atakuwa ameisahau lugha ya bibi yake.

Upande wa mzazi mambo ni magumu zaidi, tunajua. Kikao cha kwanza mahakamani huja upesi mno, katika majimbo mengi ndani ya siku tatu au chini ya hapo. Mama yuko pale amechanganyikiwa, anaulizwa: una ndugu gani? Anasema sina. Anao kumi na mmoja, lakini anaona aibu, au ana ugomvi na mawifi, au anaogopa kwamba akimtaja shemeji basi shemeji atamtwaa mtoto moja kwa moja. Kumtaja ndugu si kumpa mtoto. Mzazi bado ana wakili, bado ana mpango wa kumrudisha mtoto nyumbani, bado ana haki ya kumwona. Na ugomvi wa mahari haumhusu mtoto wa miaka minne. Tajeni wote, wa kikeni na wa kiumeni, hata mliogombana nao.

Sasa jambo ambalo vitabu vya idara havilielezi, kwa sababu waliovitunga hawaongei lugha yetu.

Tuseme afisa anamuuliza mtoto wa miaka saba, "Unaishi na nani?" Mtoto anajibu, "Na mama." Anaulizwa tena, "Mama yako yuko wapi?" Anajibu, "Yuko kazini, na mama mwingine yuko kwao." Afisa anaandika kwamba mtoto ana mama wawili, au anadanganya, au amefundishwa la kusema. Kumbe anaongea Kiswahili safi: mmoja ni mama mzazi, mwingine ni mama mdogo. Baadaye mama mdogo anakuja ofisini, mkalimani anasema "aunt" kwa Kiingereza, huku fomu ya kwanza iliandikwa "mama". Karatasi mbili hazikubaliani, na karatasi zisizokubaliana humfanya mtu aonekane mwongo.

Dawa yake ni kuueleza undugu kwa njia ya mifupa, hatua kwa hatua. Usiseme "huyu ni kaka yangu", sema "mimi na baba wa mtoto tumezaliwa na mama mmoja, baba mbalimbali". Usiseme "ni mama yangu mkubwa", sema "ni dada wa mama yangu mzazi, tumbo moja". Kwa binamu, panda hadi kwa babu kisha ushuke. Na kama mnaitana ndugu kwa sababu mlitoka kijiji kimoja au mlikaa mlango mmoja kambini, semeni hivyo hivyo bila kuficha. Majimbo mengi yanakubali pia mtu asiye wa damu lakini aliye karibu sana na mtoto: mama wa ubatizo, rafiki wa familia, jirani wa kambi ya Nyarugusu au Kakuma aliyembeba mgongoni tangu ana wiki mbili. Mkisema ni wa damu halafu ikajulikana siyo, mtanyimwa kitu ambacho mngepewa kwa kusema kweli.

Kisha majina. Mwamerika anategemea ndugu wa baba mmoja wawe na jina moja la ukoo. Kwetu Kongo kila mtoto hupewa lake, watoto sita wa tumbo moja wana majina sita tofauti. Ongeza na tarehe za kuzaliwa: kaka na dada wote wamezaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu aliyewaandikisha hakuwa na tarehe kamili. Afisa akiziona karatasi hizo anasita, na hakosei kusita. Basi mbebeeni ushahidi. Karatasi ya kambini inayoorodhesha watu wa kaya ni nzuri kuliko zote. Fuateni na faili la shirika lililowapokea mlipofika, maana mti wa familia mara nyingi umo mle. Cheti cha ubatizo kinafaa, na maelezo ya kiapo ya wazee wawili wanaozijua pande zote yanafaa. Kipimo cha DNA kiwe cha mwisho: kinachelewa, na kuna familia ambamo kinafichua jambo ambalo hakuna aliyeliuliza.

Mkalimani msimlipe. Idara na mahakama zinazopokea fedha za serikali kuu zinafungwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 kuwahudumia wasiojua Kiingereza. Mtoto asitafsiri kesi ya mdogo wake. Mkiombwa hivyo, kataeni kwa adabu na mseme mtangoja. Na mkalimani wa kwenye simu akija na Kiswahili msichokielewa, au mzee akawa anaelewa Kibembe au Kinyamulenge tu, semeni palepale kabla kikao hakijaendelea. Kutikisa kichwa kwa heshima kumewaponza wengi: ile "ndiyo" ya adabu huandikwa kama ndiyo ya kisheria.

Tuje nyumbani kwako. Ndugu akikubali mtoto aletwe usiku huo huo, afisa atakuja kuangalia nyumba kwa haraka na kuchukua majina ya kila mtu mzima anayelala hapo, kuanzia miaka 18. Majina yanapitishwa kwenye rekodi za jinai na za unyanyasaji wa watoto. Alama za vidole hufuata baada ya siku chache. Usipokwenda kuzipiga kwa tarehe uliyopewa, mtoto anaweza kuondolewa hata kama rekodi yako ni nyeupe. Kama umeishi majimbo mawili au matatu ndani ya miaka mitano iliyopita, yote yataulizwa, na hapo ndipo leseni inapochelewa. Andika anwani zako zote za zamani mapema.

Yule binamu anayelala kwenye kochi atajwe. Tunarudia: atajwe. Sheria ya taifa inafunga mlango moja kwa moja kwa makosa makubwa yanayojulikana: kumdhuru au kumtelekeza mtoto, kumpiga mke au mume, ubakaji, mauaji na uhalifu mwingine wa nguvu, na kwa miaka mitano kwa kosa kubwa la kushambulia mtu au la dawa za kulevya. Mengine jimbo hupima lenyewe. Kuendesha gari bila leseni miaka sita iliyopita hakumo katika orodha hiyo. Lakini mtu mzima aliyefichwa, viatu vyake vikaonekana mlangoni, hata kama hana kosa lolote duniani, ameiharibu kesi.

Masharti ya nyumba hutofautiana, ila kuna mambo utayakuta karibu kila jimbo. King'ora cha moshi kiwepo na kilie ukibonyeza kitufe. Watu wengi hutoa betri kwa sababu kinapiga kelele wakati wa kukaanga samaki, na afisa anajua, kwa hiyo kitufe atakibonyeza. Dawa zote zifungiwe, za hospitali na za mitishamba. Sabuni kali na dawa za wadudu zisikae chini ya sinki bila kufuli. Bunduki ifungiwe, risasi zifungiwe mahali pengine. Maji ya moto yasizidi nyuzi 120 za Fahrenheit, yaani kama 49 za Selsiasi. Mashine ya maji ina kirekebisho chake, mwombe msimamizi wa jengo. Kila mtoto awe na kitanda chake. Mtoto mchanga alale chali kwenye kitanda chake kigumu na tambarare, bila mto, bila blanketi zito, bila mdoli, na asilale na mtu mzima. Hili linawauma mabibi, kwa sababu sisi sote tulilala mgongoni na kifuani mwa mama. Lakini kitanda cha hapa kina godoro laini na mablanketi, siyo mkeka, na watoto wamekufa kwa kukosa pumzi. Na jiko la mkaa lisiwashwe ndani hata mara moja, hata kwa mahindi. Hewa yake inaua bila harufu.

Kuna masharti mengine ambayo si ya usalama: ukubwa wa chumba kwa futi, idadi ya vyumba, kiasi cha kipato, saa za mafunzo. Ukikwama kwenye hayo, usirudi nyumbani ukalia. Tangu 2008 jimbo linaruhusiwa kumwondolea ndugu masharti yasiyogusa usalama, mtu kwa mtu. Na tangu mwishoni mwa 2023, kanuni ya serikali kuu inayaruhusu majimbo kuwa na masharti ya leseni ya ndugu peke yake, mepesi kuliko ya mgeni. Si kila jimbo limeitumia ruhusa hiyo. Omba kwa maandishi usamehewe sharti fulani, ulitaje, na uombe jibu kwa maandishi.

Mwenye nyumba pia umjulishe. Mkataba wako unasema watu watano, sasa mko saba. Sheria ya makazi inakataza kubagua familia kwa sababu ya watoto, na inamlinda pia aliye katika harakati za kupewa mtoto kisheria, ila haifuti kikomo cha halali cha watu kwa chumba. Wenye vocha ya nyumba, ile ya serikali ya kusaidia kodi, wapeleke jina la mtoto haraka kwenye ofisi iliyowapa vocha, la sivyo litahesabiwa kosa.

Sasa pesa, na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndugu wengi wanalea watoto wa serikali kwa mshahara wa kufungasha kuku bila kujua kwamba walikuwa na haki ya malipo.

Mtoto anaweza kufika kwako kwa milango mitatu, na mlango alioingilia ndio unaoamua malipo. Mlango wa kwanza hauna mahakama. Afisa anamwambia mama: tusifungue kesi, saini hapa, mpeleke mtoto kwa dada yako mpaka tumalize uchunguzi. Inaonekana huruma, na mara nyingine ni huruma kweli. Lakini mama hana wakili, hakuna hakimu wa kuuliza mtoto atarudi lini, mara nyingi hakuna ratiba ya kumwona, na wewe huna karatasi ya kumwandikisha shule wala malipo ya ulezi. Kabla ya kusaini, ulizeni mambo manne: mpango huu unaisha tarehe ngapi, nani analipa, nani anaruhusu matibabu, na tukikataa nini kitafuata. Majibu yaandikwe.

Mlango wa pili, hakimu anakupa wewe mtoto moja kwa moja, kwa muda, bila leseni. Una karatasi, mtoto ana bima ya afya ya serikali, lakini malipo ya ulezi huna. Unachoweza kuomba ni ile posho ya mtoto peke yake ya TANF, mpango wa serikali wa kuzisaidia familia kwa fedha, ambayo katika majimbo mengi haihesabu kipato chako. Mara nyingi ni sehemu ndogo tu ya anacholipwa mlezi mwenye leseni. Na ukiichukua, serikali inaweza kuwadai wazazi wa mtoto fedha za matunzo. Mwambieni mama mapema asije akadhani ni wewe uliyemshitaki.

Mlango wa tatu, mtoto yuko chini ya serikali na wewe ni mlezi mwenye leseni. Kwa Kiingereza ni foster care, kwa Kiswahili hii huitwa malezi ya kambo, na mama wa kambo hahusiki hapo. Hapa unalipwa sawa na mgeni. Si upendeleo. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1979, katika kesi ya Miller dhidi ya Youakim iliyotoka Illinois, kwamba ndugu anayetimiza masharti ya leseni asinyimwe malipo kwa sababu tu ni ndugu. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa sita, inayosimamia Kentucky, Ohio, Michigan na Tennessee, iliamua kesi ya bibi mdogo wa Kentucky, yaani ndugu wa kike wa babu au bibi, aliyekuwa akilea wavulana wawili: jimbo lilikuwa limeikagua na kuikubali nyumba yake, basi limlipe. Mnaoishi Louisville, uamuzi huo ni wenu.

Kwa hiyo afisa akikuuliza, "Unataka mtoto kwa muda au unataka leseni?", usijibu "yoyote ile, mradi mtoto aje". Jibu: "Aje leo, na leo hii nipe fomu ya leseni." Yote mawili yanawezekana pamoja. Mtoto hangoji leseni itoke, na leseni haingoji mtoto azoee.

Usiku ule wa kwanza usimwachie afisa aondoke bila barua inayosema mtoto amewekwa kwako, namba ya bima yake ya afya, orodha ya dawa anazotumia na vyakula vinavyomdhuru, jina la shule, na kiti cha gari kama ni mdogo. Shule asibadilishe haraka; sheria inataka abaki shule yake ile ile isipokuwa ionekane si kwa faida yake, na usafiri upangwe. Kama ana kaka na dada, omba wote. Idara inatakiwa kujitahidi wakae pamoja, na wakitenganishwa waonane mara kwa mara.

Sasa jambo linalovunja malezi ya ndugu kuliko bunduki na binamu wa kwenye kochi. Saa nne usiku, mlango unagongwa. Ni dada yako mkubwa, mama wa mtoto. Analia, anataka kumwona mwanawe dakika tano. Karatasi ya mahakama inasema amwone Jumanne, ofisini, mbele ya msimamizi. Kwetu dada mkubwa hafungiwi mlango. Ukimfungulia, mtoto shuleni kesho atasema, bila hila, "Jana mama alikuja." Mwalimu atamwambia afisa. Na kuna uwezekano mkubwa keshokutwa mtoto analala kwa mgeni.

Hili lizungumzwe kabla ya usiku huo, mzee wa familia akiwepo, dada akiwa ametulia. Aambiwe: "Dada, mlango huu nikiufungua nje ya karatasi, tutampoteza wote wawili. Wewe niombe mimi niwe msimamizi wa ziara, na wakili wako aombe uongezewe siku ya pili ya ziara." Hilo linawezekana. Mahakama nyingi hukubali ndugu asimamie ziara, tena nyumbani, kwenye ugali na mboga badala ya chumba cha ofisi chenye kioo. Hata simu ya video iombwe kwanza. Wewe ndugu usiwe mlinzi wa gereza, lakini pia usiwe dirisha la nyuma.

Na fimbo iachwe. Mlezi mwenye leseni haruhusiwi kumpiga mtoto, hata kofi, na sababu ya mila haitasikilizwa. Tunajua mnasikia hili kila mahali, tumelisema, tunaendelea.

Saa ya mahakama inatembea. Kwa sheria ya 1997, mtoto akiwa chini ya serikali kwa miezi 15 ndani ya miezi 22 ya karibuni, jimbo linatakiwa kuomba haki za wazazi zifutwe. Kuna mambo yanayolizuia, na mojawapo ni hili: kama mtoto analelewa na ndugu, jimbo linaweza kuamua lisiombe. Maana yake ni kwamba mama anayehitaji miezi 20 ya matibabu ya pombe, mwanawe akiwa kwa bibi, ana nafasi ambayo huenda asingeipata mtoto akiwa kwa mgeni. Linaweza, halilazimiki. Wakili wa mama anapaswa kuliomba waziwazi.

Ikishindikana mtoto kurudi na familia haitaki kuasili, maana wengi mnauliza, "Nitamwasilije mjukuu wangu, niwe mama wa mtoto wa mwanangu?", kuna ulezi wa kudumu. Wazazi hawafutwi, wewe unakuwa mlezi kisheria, na kesi inafungwa. Majimbo mengi hulipa posho kwa ulezi huo, kwa sharti ambalo ndilo lililotufanya tusisitize leseni: mtoto awe ameishi kwako angalau miezi sita mfululizo ukiwa mlezi unayestahili malipo ya malezi ya kambo. Aliyeingia kwa mlango wa kwanza au wa pili hana miezi hiyo. Mtoto wa miaka 14 na kuendelea lazima aulizwe maoni yake. Na kwenye mkataba wa posho kuna mahali pa kuandika mlezi wa akiba, atakayeendelea kulipwa ukifa au ukiugua. Bibi wa miaka 68 asiache nafasi hiyo wazi.

Mtoto akiwa Iowa na wewe uko Arizona, usimfuate ukamchukua kwa gari. Kuna mapatano ya majimbo yote 50: jimbo lako likague nyumba yako kwanza na kukubali. Ukaguzi unatakiwa kukamilika ndani ya siku 60, ila leseni huvuta zaidi. Ombeni mahakama iagize utaratibu huo kwenye kikao cha kwanza, siyo cha tatu. Kwa ndugu aliye nje ya nchi, Nairobi, Bukavu au kambini, ni vigumu kuletewa mtoto, lakini hajafutika: anaweza kuandikwa kwenye faili, kuzungumza na mtoto kwa video, kutoa ushahidi wa undugu. Pale mahakama inapofikiria kumpelekea mtoto nchi nyingine, kuna shirika la International Social Service linaloweza kukagua nyumba ya huko.

Karatasi za mti wa familia ziko kwenye meza ya chai. Zina safu tano: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, jina tunalomwita nyumbani, undugu kwa njia ya mifupa, mji, namba ya simu. Chukueni moja kwa kila kaya. Mabibi na mababu wa pande zote mbili waje juu. Vijana, sasa tunawaomba: washikieni kalamu wazee, lakini majina wayataje wao.